Shampeni Ina Mwaka Wake. Mnazi Wetu Je?

Haya wapendwa, najua nusu yenu mtaona neno shampeni mpite juu juu, na nusu nyingine mtanitumia meseji kuniuliza siku hizi nimekuwaje. Tulieni. Mimi sinywi, na hapa hakuna kitu kinachouzwa. Leo tunaongea kuhusu mvua.

Ikifika Disemba, Shela hujaa wageni, na simu zetu hujaa picha za chupa. Ukiikuza picha vizuri, baadhi ya zile chupa utaona zina namba kwenye lebo: 2008, 2012, 2015. Wengi hudhani ni tarehe ya kiwanda kufunguliwa, ama tarehe ya kuharibika kama ya pakiti ya maziwa. Sivyo. Ile namba ni mwaka wa mavuno, yaani mwaka ambao zabibu zote za chupa ile zilichumwa. Na chupa yenye mwaka huuzwa ghali kuliko chupa ya kampuni hiyo hiyo isiyo na mwaka. Fikiria hilo kidogo: kuna watu duniani wanalipia hali ya hewa. Wanalipia jua la mwaka fulani na mvua ambayo haikunyesha wiki fulani.

Swali langu la leo ni hili. Sisi wa Lamu tuko kwenye visiwa ambavyo maisha yake yote, tangu mababu, yameendeshwa na upepo na mvua. Mbona hatuna namba zetu?

Kwanza tuelewe wenzetu wanafanya nini

Champagne ni mkoa wa Ufaransa, kaskazini mashariki, pande za miji ya Reims na Épernay. Kuna baridi kule. Kwa mzabibu, ni kama kuishi ukingoni mwa shimo. Mwezi wa nne majani yameanza kuchipua, usiku mmoja jalidi inashuka, ile barafu nyembamba ya alfajiri, na asubuhi machipukizi yamekuwa meusi. Mwezi wa sita maua yanafunguka, mvua ikinyesha siku hizo, mashada yanatoka na mapengo. Mwezi wa saba mvua ya mawe inaweza kumaliza shamba la mtu na kuliacha la jirani. Na karibu na kuvuna, unyevu ukizidi, zabibu zinaoza mtini.

Halafu kuna mizani ya utamu na ukali. Jua likiwa kali, sukari inapanda na uchachu unashuka. Mwaka ukiwa wa baridi, uchachu unabaki mwingi na sukari haitoshi. Mwaka mzuri ni ule ambao hivi viwili vimekutana katikati, na hautokei kila mara. Ndio maana chupa nyingi za shampeni hazina mwaka kabisa. Watengenezaji huchanganya divai ya mwaka huu na akiba za miaka iliyopita, mwaka mbaya ufunikwe na mwaka mzuri. Mwaka ukitoka wa maana, ndipo kampuni inaamua kuutengenezea chupa yake, na sheria yao inataka zabibu zote ziwe za mwaka huo, na chupa ilale angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa. Isiyo na mwaka hulala miezi 15 tu.

Na povu? Hilo ni hamira. Divai ikishakuwa tayari inatiwa kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, kisha chupa inafungwa. Hamira inakula sukari, inatoa kileo na gesi ya kaboni. Gesi haina pa kutokea, inajificha ndani ya divai. Presha ya chupa ile inapita mara mbili ya tairi la gari. Siku unapoifungua, unachosikia ni gesi inayotafuta mlango.

Msidhani ni mambo ya starehe pekee. Mwaka 1910 hali ya hewa iliharibu karibu mavuno yote ya Champagne. Wakulima walikuwa na njaa na madeni, na huku baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakileta zabibu na divai kutoka mikoa mingine na kuuza kwa jina la Champagne. Mwaka 1911 wakulima wakachoka. Wakavamia maghala, wakavunja chupa na mapipa, kwenye mji mdogo wa Aÿ majengo yakachomwa, serikali ikatuma wanajeshi. Mvua mbaya iligeuka kuwa fujo, na fujo ile ni sehemu ya sababu Wafaransa wakakaza sheria za nani ana haki ya kutumia jina la Champagne.

Mwaka wa zabibu unatunza kumbukumbu

Hii ndiyo sehemu iliyonikamata mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha, na hili sikulisikia darasani.

Kuna mji mwingine wa Ufaransa unaitwa Beaune, uko Burgundy. Kule tarehe za kuanza kuvuna zabibu zilikuwa zikiandikwa na watu wa mji, kwa sababu za kawaida kabisa: malipo ya vibarua, kodi, ruhusa ya kuingia shambani. Hakuna aliyekuwa akifikiria sayansi. Mwaka 2019 watafiti walichapisha orodha ya tarehe hizo kuanzia 1354 hadi 2018. Miaka mia sita na sitini na kitu! Zabibu huiva mapema mwaka ukiwa wa joto na huchelewa mwaka ukiwa wa baridi, kwa hiyo orodha ya makarani ikageuka kuwa kipimajoto cha karne saba. Na ikaonyesha kwamba tangu 1988, mavuno yanaanza wastani wa siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa miaka yote ile ya nyuma.

Mwaka 1816 Ulaya haikuona kiangazi kwa sababu mlima Tambora ulikuwa umelipuka Indonesia mwaka uliotangulia na gesi yake ya salfa ikatanda angani ikapunguza jua. Zabibu za mwaka ule zilichelewa vibaya sana. Mwaka 2003 ikawa kinyume: Champagne ilipigwa na jalidi mwezi wa nne, kisha joto kali la kiangazi likafanya mavuno yaanze mwezi wa nane, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu karne ya 19. Tunayajua haya kwa sababu mtu aliandika. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Sasa rudi nyumbani

Pwani yetu ya Kenya, neno mwaka lina maana mbili. Moja ni siku 365. Ya pili ni mvua kubwa, ile ambayo Watanzania wanaiita masika, inayokuja na upepo wa kusi kuanzia mwezi wa nne. Mzee wa shamba akikwambia "mwaka haukuja," hajachanganyikiwa na kalenda. Anakwambia mvua imekosa. Yaani kwa watu wa pwani, mwaka usio na mvua ni kama haukuwepo. Hebu nitafutie lugha nyingine ambayo imeweka mavuno ndani ya neno lenyewe hivi.

Na wazee wetu hawakuishia kwenye neno. Walikuwa na kalenda ya jua kamili, tofauti na ile ya Kiislamu inayofuata mwezi. Inaanza siku ya Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, na sisi tunaiita Siku ya Mwaka. Kutoka hapo siku zinahesabiwa kumi kumi, kila kumi moja ni mwongo. Miongo 36 inafanya siku 360, na siku 5 zinazobaki zinaitwa gatha. Nahodha hakusema "tutang'oa nanga Aprili." Alihesabu ni mwongo wa ngapi tangu Nairuzi, akajua kusi iko wapi na kaskazi iko wapi. Mkulima naye alijua mwongo wa kufyeka na mwongo wa kupanda. Ibn Majid, yule baharia maarufu wa Kiarabu wa karne ya 15, alitumia hesabu hiyo hiyo ya siku za Nairuzi kuandika lini chombo kiondoke bandari gani. Na mwaka wenyewe ulipewa jina la siku ya wiki ambayo Nairuzi imeangukia: mwaka Jumapili, mwaka Jumatatu, hivyo hivyo mpaka saba, na kila mmoja ulikuwa na utabiri wake wa mvua na mazao.

Mnaona? Mwaka wenye jina, na jina linalobeba hali ya hewa. Tulikuwa na lebo kabla hatujajua chupa.

Ilikuwa lazima. Visiwa hivi haviwezi kujilisha vyenyewe. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba kisiwa kile hakilimi nafaka, kinaletewa kutoka bara ya pwani. Lamu, Pate na Siyu zilikuwa vivyo hivyo: mji uko kisiwani, shamba liko ng'ambo. Karne ya 19 bara inayotazamana na Lamu ilikuwa mashamba ya mtama na ufuta, na mazao yakapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Zanzibar. Ufuta wa pwani yetu ulinunuliwa na Wafaransa ukaenda kukamuliwa mafuta Marseille. Kwa hiyo wakati Champagne wanagombana na jalidi, Lamu nayo ilikuwa inaangalia mawingu kwa ajili ya soko la Ufaransa hiyo hiyo.

Na tusiipambe. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mwaka mzuri kwa mwenye shamba ulikuwa mgongo wa mtu mwingine. Utumwa ulipofutwa rasmi pwani ya Kenya mwaka 1907, uchumi ule wa nafaka ulikuwa tayari unaporomoka. Ukiniuliza nani alijua vizuri mvua ilinyesha lini na wapi, nitakwambia ni yule aliyeshika jembe. Na huyo ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza aandike.

Mnazi, shampeni ya siku moja

Zabibu hatuna. Tuna mnazi. Na mnazi unatoa kinywaji chenye povu bila chupa wala kiwanda.

Wanaogema hapa kisiwani, wengi wao ni Wagiriama, wamekuja na ujuzi huo kutoka kwao Kilifi. Mmoja wao, mzee ambaye hupanda minazi nyuma ya mji, aliniruhusu nikae chini ya mti nimuulize maswali mpaka akachoka na mimi. Anapanda asubuhi na jioni. Juu kule anatafuta karara ambalo halijafunguka, lile ala linaloficha maua. Analifunga, analikata ncha kwa kotama, kisha kila akipanda anakata tena kipande chembamba kama karatasi, na utomvu unadondoka kwenye kibuyu. Ukitoka ni mtamu kama maji ya sukari. Hamira iliyoko hewani na ndani ya kibuyu inaanza kazi saa hiyo hiyo: inakula sukari, inatoa kileo na gesi ile ile ya kaboni ya shampeni. Ndio maana tembo linatoa povu. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na ukilisahau siku chache umepata siki.

Nikamuuliza, "Mzee, tembo la mwaka gani lilikuwa zuri?"

Akacheka. "Mwanangu, tembo halina mwaka. Tembo lina leo."

Akanieleza, lakini. Wakati wa kiangazi linatoka kidogo na ni zito. Mvua ikiwa kubwa linatoka jingi lakini maji yanaingia, na mteja anadhani umemchezea. Mnajua methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mzee anasema mara nyingine anayelitia maji ni wingu, na lawama ni za mgema. Joto likizidi, linachacha haraka, tembo la asubuhi linakuwa kali kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo shampeni ni mwaka uliofungiwa. Tembo ni siku iliyoachiwa. Hali ya hewa iko ndani ya vyote viwili, lakini kimoja kinaweza kuhojiwa baada ya miaka hamsini, na kingine kimekwisha kabla ya magharibi. Na karara lililogemwa halizai nazi. Ukichagua tembo, umeila nazi kabla haijawa.

Sasa ichukue nazi yenyewe. Hapa mnazi unawashinda Wafaransa. Kutoka karara kufunguka mpaka nazi kukomaa ni kama miezi 12. Lakini shada lile halikuanza siku ile. Lilianza kuumbika ndani kabisa ya kichwa cha mti zaidi ya miaka miwili kabla. Ukijumlisha yote, nazi uliyokuna leo jikoni ilianza safari yake kama miaka 3 na nusu iliyopita, pengine zaidi.

Tuitie tarehe. Nazi iliyoanguka katikati ya 2023 ilianza kuumbika karibu na mwisho wa 2019. Mnakumbuka mwisho wa 2019? Mvua za vuli zilipiga Afrika Mashariki nzima mpaka mafuriko, kwa sababu upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida. Halafu kuanzia vuli ya 2020 mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, ukame mbaya kabisa kwa miaka 40, na Lamu ilikuwa ndani. Karara lake likafunguka mwaka 2022, katikati ya ukame huo. Kwa hiyo nazi moja ndogo imebeba mafuriko na njaa kwenye ganda moja. Ni mchanganyiko wa miaka, kama ile shampeni isiyo na mwaka. Na ndio maana ukame ukiisha, mvua ikirudi, watu wakishangilia, mnazi bado unaendelea kukulipa nazi chache na nyembamba. Mti unalipa deni ambalo sisi tumeshalisahau.

Kuna zaidi. Tazama shina la mnazi ukipita. Yale makovu ya mduara ni pale kuti lilipoanguka. Mnazi wenye afya hutoa kama kuti moja kila mwezi. Miaka ya kunawiri, shina linarefuka haraka na makovu yanakaa mbalimbali. Miaka ya shida yanabanana. Mti wa babu yako ni daftari limesimama wima, ila hakuna aliyefundishwa kulisoma.

Hata mawe yanaandika. Watafiti walitoboa tumbawe kule Malindi wakahesabu pete zake za kila mwaka kurudi nyuma mpaka 1801, wakasoma joto la bahari la karibu miaka 200. Ni mnyama tu wa baharini, hajasoma popote. Na nyumba za Mkomani zimejengwa kwa nini? Matumbawe. Tunaegemea kuta ambazo ndani yake kuna miaka imekaa kwa safu.

Kwa nini nawasumbua na haya

Kwa sababu daftari la watu linafungwa. Mti unaandika, jiwe linaandika, lakini kile kitu ambacho Beaune walikuwa nacho, tarehe iliyowekwa na mkono wa binadamu mwaka hadi mwaka, kwetu kiko vichwani. Na vichwa vinazikwa. Waulize marafiki zako kumi wa rika letu leo ni mwongo wa ngapi. Jibu utakalopata ni kicheko. Makunduchi, Zanzibar, bado wanasherehekea Mwaka Kogwa kila mwezi wa saba, na mashalla wanastahili sifa. Lakini hata kalenda ile yenyewe inahitaji watu wa kuitunza: haina siku ya ziada ya kila miaka minne, kwa hiyo Nairuzi inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Nahodha wa zamani alijua namna ya kurekebisha hesabu yake. Asipokuwepo wa kurekebisha, mwongo na mvua vinaachana.

Na sasa mvua nayo inabadilika. Wazee wanasema kusi inachelewa, mwaka hauji kwa wakati, samaki hawako pale walipokuwa. Mtu wa ofisini akiuliza "ushahidi uko wapi?" tunabaki kusema "babu alisema." Mkulima wa Ufaransa anaweka mezani karatasi ya 1354. Hii si stori ya historia pekee, jamaa zangu. Pesa za fidia ya ukame, bima ya mazao, mpango wa maji, kesi mahakamani, vyote vinataka tarehe. Asiye na tarehe husikilizwa kwa heshima, chai huletwa, halafu faili hufungwa.

Msiniambie sisi ni watu wa mdomo, hatuna jadi ya kuandika. Lamu imekuwa ikiandika kwa karne nyingi, Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali kupitia mradi wa British Library. Tenzi tunazo, sheria tunazo, hati za mashamba tunazo. Hawa si watu wasiojua kalamu. Ni kwamba mvua ilionekana ni kitu ambacho kila mtu anakijua, na kitu ambacho kila mtu anakijua ndicho cha kwanza kupotea.

Naona hapa kuna watu wataniambia Kenya ina idara ya hali ya hewa na Lamu kuna kituo. Ni kweli, na wanafanya kazi. Lakini kituo kimoja hakiwezi kukwambia Kipungani kulinyesha na Matondoni kukakauka, ama ua la kwanza la embe lilitoka lini Faza, ama mgema aliacha kupanda wiki ngapi kwa sababu ya upepo. Makarani wa Beaune hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wanaandika zabibu zimechumwa lini. Hiyo tu, kila mwaka, bila kuruka.

Sisi tuna simu. Kizazi chetu kimepiga picha za kila chakula kilichowahi kuliwa Langoni. Tunajua tarehe ya kila harusi na kila mechi. Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Chagua kitu kimoja: siku ya kwanza ya mvua ya mwaka, siku kaskazi ilipoanza kuvuma, embe la kwanza, siku mgema alipotundika kibuyu tena baada ya kiangazi. Andika tarehe na mahali. Mwakani andika tena. Ukiwa na bibi au babu nyumbani, kaa naye jioni moja umuulize mwaka gani mwaka haukuja, na uliwakuta wakila nini. Muulize kwa adabu, muachie nafasi ya kusema, na umrekodi kwa ruhusa yake. Muulize pia kama anajua kuhesabu miongo. Akijua, usiondoke hapo mpaka na wewe ujue.

Wafaransa wameweza kumfanya tajiri wa Shela alipie mwaka ambao mvua ilinyesha vizuri kwenye kilima cha kwao. Sisi hata hatuhitaji kuuza. Tunahitaji tu kuweza kusema, bila kubahatisha, mwaka ule ulikuwaje.

Mimi naanza na shamba la ami yangu. Minazi 14, makovu nayahesabu wiki hii, na tarehe za mvua nitaziweka hapa hapa mzione. Wewe unaanza na nini? Niandikie kijiji chako na tarehe ya kwanza unayoikumbuka, hata kama ni ya mwaka jana tu.